Uzoefu wangu na bredauni za magari makubwa: moja iliniulia giaboksi, nyingine nimeshaiita mara tatu

Jamani hii itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, ningepata mtu wa kunieleza haya mapema giaboksi yangu ingekuwa nzima mpaka leo. Mimi nina malori mawili ya kuvuta tela na kijiko kimoja, ile mashine ya kuchimba, cha tani 20 nakodisha kwenye saiti. Majina ya kampuni za bredauni, yaani za kuvuta magari yaliyoharibika, sitaji, nataka tu muelewe nini cha kuangalia kabla hujamkabidhi mtu gari lenye thamani ya nyumba.

Ya kwanza ilikuwa usiku. Dereva akanipigia, "bosi klachi imekufa, gari haiendi mbele wala nyuma, tuko pembeni ya barabara." Nikachanganyikiwa, nikatafuta namba ya bredauni ya kwanza niliyoipata kwenye simu, nikauliza vitu viwili tu, bei gani na mtafika saa ngapi. Yule jamaa naye akaniuliza kitu kimoja tu, gari iko wapi. Basi. Wakafika ndani ya saa moja, bei nafuu, nikashukuru Mungu nikalala. Wakanyanyua mbele wakaondoka nayo kama kilomita 80 hivi mpaka gereji.

Klachi ikafungwa mpya. Fundi anawasha, anaweka gia, giaboksi inalia kama kuna mawe ndani. Wakaishusha wakaifungua mbele yangu. Shafti ya katikati imebadilika rangi imekuwa bluu na nyeusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, beringi zimesagika, oili inanuka kuungua. Fundi akaniangalia akasema, "Dada, hii gari walivuta propela ikiwa imefungwa?" Mimi sikujua hata nijibu nini. Nilikuwa najua klachi ndio imekufa, giaboksi haikuwa na shida yoyote.

Ndio akanieleza. Gari kubwa ukinyanyua mbele matairi ya nyuma yanazunguka chini, yanazungusha difu, zile gia za ekseli ya nyuma, difu inazungusha propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, propela inazungusha shafti ya kutokea kwenye giaboksi. Lakini injini imezimwa, kwa hiyo ile shafti ya chini inayorusha oili juu haizunguki, hamna oili inayopanda. Alafu gari imeinamia nyuma na oili yenyewe imekimbilia huko nyuma. Chuma kinasaga chuma kilomita 80 nzima. Dawa yake ni kufungua propela au kuchomoa shafti za ekseli kabla ya kuvuta, kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye spana zake. Wale hawakuingia hata chini ya gari. Nilipowapigia wakasema giaboksi ilikuwa mbovu toka mwanzo, na mimi sina picha, sina karatasi, sina chochote. Hela ya giaboksi niliilipa mwenyewe na lori likakaa chini siku nyingi sana.

Baada ya hapo nikaanza kuulizia. Na hapa niseme kitu, msiulize mabosi wenzenu, ulizeni madereva. Bosi anajua bei tu, dereva ndiye aliyesimama pale barabarani akaona gari yake inafungwaje. Madereva watatu tofauti wakanitajia kampuni ile ile.

Nilipowapigia mara ya kwanza nusura nikate simu. Lori la pili lilikuwa limetelezea mtaroni upande mmoja, limebeba saruji, kompresa ya upepo imekufa, mimi nataka bei, na yule kijana wa simu ananiuliza maswali kama polisi. Dada gari ni ekseli ngapi? Mzigo bado uko juu? Tani ngapi? Upepo unapanda au hamna kabisa? Udongo wa hapo ni mkavu au tope? Inaendesha difu moja au mbili? Nitumie picha ya mbele chini ya bampa, na ya upande uliozama. Nikadhani ananipotezea muda. Kumbe kila swali lilikuwa linaamua gari gani itoke yadi na ibebe vifaa gani, kwa mfano kama upepo hamna maana yake breki zote za nyuma zimejikaba zenyewe, ndani ya busta, kile kifaa cha upepo kinachosukuma breki, kuna springi kubwa inayokaba upepo ukiisha, kwa hiyo wasipokuja na paipu ya kuleta upepo kutoka gari yao au boliti za kuibana ile springi, watakuburuza matairi yamekaba mpaka yaungue. Na springi ile sio ya kuchezewa, busta ikifunguliwa na asiyejua inaweza kuua mtu.

Kuhusu tani, nimejifunza hivi. Mtu akikuambia bredauni yangu inanyanyua tani 25 usiridhike, muulize inanyanyua tani ngapi mkono ukiwa umenyooshwa, na gari yenyewe ina uzito gani. Mkono ukitoka nje nguvu inapungua sana, na ukining'iniza kitu kizito nyuma ya gari nyepesi mbele kunanyanyuka, matairi ya stelingi yanakosa uzito, dereva anakata kona gari haimsikii. Yani ajali unaitengeneza mwenyewe.

Sasa hao jamaa walivyofika. Opereta wao ni mzee mmoja mtaratibu, kashuka, hajashika kitu chochote kama dakika kumi, anazunguka tu na tochi. Kapiga picha kila kona akiwa na dereva wangu pembeni, mpaka mkwaruzo wa zamani wa mlango akaupiga, kisha akaomba dereva asaini. Mimi nilivyoona hiyo karatasi roho ikatulia, maana nilikuwa nakumbuka nilivyoshindwa kubishana ile mara ya kwanza.

Kuitoa mtaroni alitumia winchi na kapi. Ukipitisha kamba kwenye kapi moja nguvu inakaribia mara mbili, hiyo wengi wanaijua, lakini yeye alitumia muda mrefu kuchagua pa kufunga lile kapi kwenye gari yangu, nikamuuliza mzee mbona unachelewa, akasema, "mwanangu, hapa nitakapofunga ndipo patakapobeba uzito wa kamba zote mbili, nikifunga kwenye bampa naondoka na bampa." Akafunga kwenye chasisi. Akanionyesha na mnyororo wake, kwenye pete umegongwa namba 10, akasema hiyo ni greidi 100, ya kunyanyulia ni greidi 80 kwenda juu, ile ya greidi 70 ni ya kufungia mzigo tu. Siku hizi ndio kitu cha kwanza naangalia, inasomeka hata kwa tochi ya simu.

Ikapanda lami. Akaunga paipu ya upepo, tukasikia breki zinaachia pssss tairi moja baada ya jingine. Akalala chini akafungua propela, na hapa ndipo nilipojua hawa ni watu wengine: kabla ya kufungua boliti hata moja alichukua rangi nyeupe akaweka alama mbili, moja kwenye propela moja kwenye flenji inapofungiwa, ili wakati wa kurudisha ikae vile vile ilivyokuwa isije ikaleta mtetemo. Boliti zote akatia kwenye kimfuko, akakifunga na waya kwenye stelingi. Propela ikalazwa kitandani kwenye kebini imefungwa. Nyuma ya tela akaweka taa zake. Baada ya kama kilomita mbili akasimama tena, akakagua minyororo, akaweka mkono kwenye habu za matairi kuona kama kuna breki inayokaba, ndipo tukaenda moja kwa moja.

Mara ya pili niliwaita kwa lori hilo hilo, injini, kazi ya kawaida haina stori.

Mara ya tatu kijiko. Hapa wengi wanakosea wanaita bredauni, kijiko hakivutwi, kinapanda lobedi, lile tela la chini la kubebea mashine, ukikiburuza na cheni zake za kutembelea mota zake zinakufa. Waliniuliza uzito, upana wa cheni, na urefu wa kwenda juu bumu (mkono wake) ikiwa imekunjwa, kwa sababu juu ya lobedi urefu unaongezeka na njiani kuna madaraja na nyaya. Kufunga walitumia minyororo minne kwenye kona nne, wa tano kwenye baketi, na ile pini ya kuzuia kichwa kisizunguke wakaichomeka. Kabla ya kupanda wakamlazimisha opereta wangu akwangue tope lote kwenye cheni, alilalamika sana, ila kijiko chenye tope kwenye rampu ya chuma kinateleza pembeni kama sabuni.

Mabaya yao pia nayasema. Wanachelewa. Waliahidi saa mbili wakaja saa nne, na hawakupiga simu mpaka mimi nilipopiga, na dereva yuko gizani na mzigo huo sio kitu kidogo. Bei yao iko juu kuliko wale wa kwanza, na wanaanza kuhesabu muda toka gari inatoka yadi, kitu ambacho mimi nilikijua nikiwa tayari nimekubali. Kwa hiyo ulizeni hilo kabla, muda unaanza lini, kurudi gari tupu analipa nani, usiku kuna nyongeza, kufungua propela ni bei ile ile au pembeni, na gari ikilala yadi kwao kila siku ni kiasi gani. Waandike kwenye meseji, sio kwa mdomo. Hawa waliniandikia na mwisho wa siku ankara ilikuja vile vile, hata senti haikuongezeka.

Na bima, tafadhali sana. Bima ya bredauni yao kugonga watu ni tofauti na bima ya gari yako ikiwa imening'inia kwao, na mzigo uliomo ndani ni habari nyingine tena. Mimi naomba nitumiwe karatasi kabla hawajaondoka, naangalia tarehe na kiwango kama kinafika thamani ya gari yangu. Wale wa kwanza nilikuja kuwauliza baadae wakasema tuna bima, karatasi sijaiona mpaka leo. Hawa walinitumia ndani ya dakika tano, ipo tayari kwenye simu ya yule kijana.

Nyota nawapa nne, ya tano watapata wakijifunza kupiga simu wakichelewa. Wiki ijayo kijiko kinahamia saiti nyingine, jana nimewatumia picha ya kile kibati cha uzito na vipimo, nikasubiri bei, jibu lililokuja ni swali: "Dada, hapo saiti mvua imenyesha?"