Mahekalu ya Tamil Nadu: mawe hayana kosa, tatizo ni aliyetupeleka

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini wapi. Tulilipia ziara ya mahekalu ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Siku ya mji wa Madurai, ambayo ndiyo iliyonivuta mimi, mwongoza watalii akaanza kwa kutupitisha duka la sari, "dakika kumi tu". Dakika kumi zikazaa saa nzima, saa ikazaa chai. Nikamuuliza, hekalu la Meenakshi si hufungwa mchana? Akacheka, eti yeye ndiye mwenyeji, nitulie. Tumefika, mlango umefungwa. Miungu imepumzika hadi jioni, na jioni ratiba yake inatutaka tuwe barabarani!

Fidia? Akatupandisha kwenye paa la duka jingine "tuone minara vizuri". Minara 14 yenye masanamu ya kila rangi nikaichungulia katikati ya matangi ya maji, huku kijana ananikunjulia zulia miguuni. Sikununua. Aliyenuna ni mwongozaji! Kamisheni imemponyoka, basi mimi ndiye sina shukrani. Halafu kipeperushi chao kilituahidi picha za ndani, wakati simu zimepigwa marufuku humo tangu 2018, na asiye Mhindu hafiki chumba kitakatifu hata alipe nini. Mbuzi kwenye gunia kabisa.

Haya, nisiwanyime watu wa kale haki yao. Mji wa Thanjavur ulinifunga mdomo. Hekalu la Brihadisvara lilikamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa nasaba ya Wachola, na mnara wake wa matale umepanda takribani meta 60. Viatu unaacha nje, na ua ule ukishapigwa na jua unaunguza kwelikweli. Watu wazima na heshima zetu tulikuwa tunarukaruka kutafuta kivuli. Sikujali. Hekalu la Darasuram ndilo lililonimaliza: ukumbi umechongwa kama gari la kukokotwa, farasi wapo, magurudumu yapo, mpaka spoki za magurudumu zimenakshiwa. Hakuna msongamano. Pale nilikaribia kusamehe yote, nikawa natunga moyoni nyota nne.

Ndipo filimbi ikapigwa. Dakika ishirini zimekwisha, basini! Dakika ishirini Darasuram, saa nzima kwenye sari.

Nyota moja. Tamil Nadu nitarudi, tena karibuni, ila kwa treni na peke yangu, na Madurai nitakuwa mlangoni alfajiri.