Mchezo Unaojifunga: Kukagua Faili au Kuusakinisha Upya?

Kwa gharama, ukaguzi hauna mpinzani: kwenye kompyuta, Steam (programu ya kununua na kuendesha michezo) hulinganisha faili zako na za seva, ikaripoti pengine kwamba faili 1 tu imeharibika, kisha ikaipakua hiyo peke yake, ilhali kusakinisha upya mchezo wa GB 80 kunamaliza bando. PlayStation 5 haimpi mchezaji ukaguzi huo. Humwezesha kujenga upya hifadhidata, yaani orodha ya vilivyomo kwenye diski, katika hali salama (Safe Mode) bila kufuta michezo.

Kusakinisha upya husafisha zaidi, hasa ukifuta pia mwenyewe mods (marekebisho ya mchezo yaliyotengenezwa na wachezaji) zilizobaki kwenye folda ya mchezo, lakini nakili kwanza hatua ulizohifadhi, kwani kupoteza miezi ya kucheza kunauma kweli.

Anayehesabu bando aanze na ukaguzi. Mwenye faiba, aliyekwisha kukagua bila nafuu, asakinishe upya. Kompyuta nzima ikizimika, chunguza joto.