Distosheni nzito ya gitaa: anza kununua nini, nini kisubiri

Mpiga gitaa anayetaka mngurumo mzito wa muziki wa metali huenda dukani akiuliza swali moja: kipi kina gaini (nguvu ya kukuza mawimbi) nyingi zaidi? Swali hilo limewagharimu watu pesa nyingi. Gaini haijawahi kuwa adimu. Pedali (kiboksi cha kukanyaga kwa mguu) ya bei ya chini kabisa inayo ya kutosha na kusaza. Kinachotofautisha mngurumo unaokusukuma kifuani na kelele inayochosha masikio ni mambo mawili: besi inayopunguzwa kabla ya sauti kuchanwa, na spika inayofuata baada ya kuchanwa. Nimepanga vifaa hapa chini kwa kigezo hicho.

Distosheni, yaani kuchana sauti, ni kukata vilele vya mawimbi yake. Mawimbi ya besi ndiyo makubwa, kwa hiyo yakiingia yote kwenye saketi hujaza nafasi nzima, na noti nyingine humezwa humo. Tunayaita matope. Uzi mnene wa E hutetemeka kwa takriban Hz 82, na ukishusha tuning hadi B unafika kama Hz 62, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo matope yanavyozidi. Upande wa pili, saketi ikishachana sauti huzalisha mikwaruzo mingi ya juu. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi sana sauti zilizo juu ya Hz 5,000 hivi, na huo ndio uzuri wake, kwani inafanya kazi ya chujio. Chomeka pedali ya distosheni moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), bila spika ya namna hiyo, utasikia nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Pedali yenyewe huenda haina kosa lolote.

Nafasi ya kwanza: modela au plagini

Modela ni kifaa, na plagini ni programu ya kompyuta, vinavyoiga amplifaya. Najua wapenzi wa amplifaya za valvu (taa za kioo) hawatafurahi, lakini kwa mtu anayepigia chumbani au anayerekodi, naweka hii juu bila kusita. Sababu si idadi ya amplifaya zinazoigwa humo ndani. Sababu ni kwamba unapata na spika. Modela nzuri hubeba faili za kabati (sanduku la spika), yaani alama ya sauti iliyochukuliwa kwenye kabati halisi kwa maikrofoni halisi, na faili moja nzuri hubadilisha sauti yako kuliko kubadilisha amplifaya tatu. Anza na kabati la spika nne za Celestion Vintage 30 lililochukuliwa kwa maikrofoni ya Shure SM57. Jozi hiyo imetumika kwenye rekodi nyingi sana za metali, na masikio yako yanaifahamu hata kama hujui jina lake.

Modela za Axe-Fx, Kemper, Helix na Quad Cortex zote zinaweza kazi hii, na bei zake ziko juu. Kama una kompyuta, Neural Amp Modeler ni plagini ya bure kabisa, na watu hutengeneza na kugawana faili za amplifaya zao kupitia hiyo. Utakachohitaji kununua ni kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, chenye tundu maalumu la gitaa (mara nyingi limeandikwa Inst au Hi-Z). Tundu la kawaida la laini litaifanya pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) isikike imezibwa pua. Ukubwa wa bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa) uuweke kwenye sampuli 128 au chini ya hapo. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa hiyo inachelewesha sauti kwa chini ya milisekunde 3, ingawa kifaa chenyewe huongeza kidogo. Jumla ikipita milisekunde 10 vidole huanza kulalamika, hasa kwenye rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) za kasi.

Tahadhari moja: ukichomeka modela kwenye amplifaya ya gitaa, zima faili ya kabati. La sivyo sauti inapita kwenye spika mbili mfululizo, na watu huishia kuilaumu modela kwa uzibe huo.

Nafasi ya pili: amplifaya ya gaini, na Tube Screamer mbele yake

Kama una bendi, una mahali pa kupigia kwa sauti, na mpiga ngoma asiyejua kupiga taratibu, basi hii inapanda iwe ya kwanza kwako. Hewa inayosukumwa na kabati la spika nne za inchi 12 haina mbadala.

Mfano unaojieleza ni Peavey 5150, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na jina la mpiga gitaa Eddie Van Halen: wati 120, na kiasi cha gaini ambacho wapigaji wa metali waliking'ang'ania wakakifanya chao. Peavey na Van Halen walipoachana, saketi iliendelea kuuzwa kwa jina 6505, na Van Halen akaendeleza ukoo wa 5150 chini ya chapa yake ya EVH. Kwa hiyo ukiona 6505 iliyotumika usiipite ukiwinda 5150 ya zamani yenye bei ya makumbusho. Mesa/Boogie Dual Rectifier ni njia nyingine, yenye besi pana na nzito zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo inahitaji kudhibitiwa zaidi.

Hapo ndipo Tube Screamer inapoingia, na hiki ndicho kipande cha mwongozo huu ninachokithamini kuliko vyote. Mtu anaiona hiyo pedali ndogo ya kijani, anajua ni ya bluzi, anashangaa inafanya nini kwenye metali. Inafanya kazi ya bawabu. Saketi yake hupunguza besi na kusukuma sauti za kati, karibu na Hz 720, kabla ya amplifaya kuzipokea. Weka nobu ya Drive (gaini) chini kabisa, Level (ukubwa wa sauti) juu, Tone (ukali) katikati. Kisha punguza gaini ya amplifaya yenyewe, ndiyo, punguza. Bana nyuzi kwa kiganja upige rifu. Kila pigo litaanza na kuisha kama mlango unaofungwa. Mara ya kwanza niliposikia tofauti hiyo nilizima na kuwasha pedali karibu saa nzima, kwa sababu sikuamini kwamba sauti niliyoitafuta kwa kuongeza ilikuwa imekuja kwa kupunguza. Besi unayodhani umeipoteza inarudi kwenye spika, na nobu ya besi ya amplifaya bado ipo.

Kuhusu wati: sauti ya wati 100 si kubwa mara mbili ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3 tu. Amplifaya ya valvu ya wati 20 inatosha mazoezi ya bendi nyingi, na mgongo wako utashukuru. Ukikosa ya valvu, Boss Katana ya transista ina chaneli ya Brown inayojibu vizuri sana ikiwa na Tube Screamer mbele.

Nafasi ya tatu: pedali iliyojengwa kama priampu

Priampu ni sehemu ya kwanza ya amplifaya, inayounda sauti. Una amplifaya safi tayari na hutaki kuiuza? Friedman BE-OD na Revv G3 ni pedali zilizotolewa kwenye saketi za amplifaya za gaini za makampuni hayo, na hubeba tabia yake kwa kiasi cha kuridhisha. Angalia kwanza kama amplifaya yako ina lupu ya efekti, yaani matundu ya Send na Return yaliyo baada ya priampu. Pedali ya aina hii ikichomekwa kwenye tundu la Return inaikwepa priampu ya amplifaya, na sauti inafunguka.

Boss MT-2 Metal Zone, ya mwaka 1991, naiweka hapa hapa, na naitetea. Imechekwa sana kwa sababu watu huzungusha nobu yake ya Dist (distosheni) hadi mwisho na kufuta sauti za kati. Lakini ina nobu mbili za kati, moja ikichagua masafa kuanzia Hz 200 hadi 5,000 na nyingine ikiyaongeza au kuyapunguza, uwezo ambao pedali nyingi za bei kubwa hazina. Iingize kwenye Return, Dist isivuke nusu, sauti za kati uziongeze badala ya kuzifuta. Inapatikana kila soko la vitu vilivyotumika.

Nafasi ya nne: pedali zenye sauti moja tu

Boss HM-2 ilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1991. Bendi za metali za Stockholm, Entombed na Dismember miongoni mwao, zilizungusha nobu zake zote nne hadi mwisho, zikapata sauti ya msumeno wa mnyororo inayotambulika hadi leo. Kama ndiyo unayoitaka, hakuna kingine cha kununua. Boss waliirudisha kama HM-2W, na Behringer HM300 ya plastiki inaikaribia sana kwa bei ndogo. Kama hujui unaitaka au la, huitaki.

ProCo RAT ni nzuri kwa mdundo wa polepole na mzito. Kumbuka tu kwamba nobu yake ya Filter inakwenda kinyume: ukiizungusha kulia unapunguza sauti za juu.

Nafasi ya tano: pikapu

Iwe ya mwisho. EMG 81 ina mshiko mkali na utulivu wa kupendeza, lakini inataka betri ya volti 9 (inayoliwa kila unapoacha kebo kwenye gitaa) na potensha (vidhibiti vya sauti kwenye gitaa) zake za kilo-ohm 25 badala ya zile za 500 zilizozoeleka. Humbaka (pikapu ya koili mbili) yoyote yenye afya kwenye brigi (daraja la nyuzi) inatosha kuanzia. Nyuzi mpya, na nene zaidi kama umeshusha tuning, zitakupa mabadiliko makubwa kwa pesa kidogo.

Geti la kelele (kifaa kinachonyamazisha kelele usipopiga) silipangi nafasi, kwa kuwa linaandamana na chochote utakachochagua. Boss NS-2 ina matundu manne, yanayoiruhusu kusikiliza gitaa likiwa safi huku ikifunga kelele baada ya priampu. Itumie hivyo, si kama pedali ya kawaida kwenye foleni. Pia lisha kila pedali umeme kwenye tundu lake lililotengwa. Kebo moja ya kugawia pedali zote, hasa ikiwemo ya kidijitali, huleta mlio mwembamba ambao hakuna geti litakaloumaliza.

Siku ya kujaribu, nenda na gitaa lako mwenyewe. Usipige solo. Bana nyuzi, piga rifu yenye vituo vifupi, kwa sauti ya kiwango cha bendi, kisha punguza gaini kidogo kidogo hadi rifu ianze kukosa nguvu, na uirudishe nukta moja. Sikiliza vituo. Kama kati ya pigo na pigo kuna ukimya wa kweli, na noti tatu zilizopigwa kwa pamoja bado unazisikia zote tatu, toa pesa.