AO3 kwa teja wa simulizi: uzoefu wangu

Kila nikiitaja AO3 kwenye magrupu ya simulizi, swali la kwanza ni, "Wanalipisha kuanzia sehemu ya ngapi?" Nikijibu kwamba hakuna sehemu ya kulipia, naonekana tapeli. Siwalaumu. Tumelelewa na simulizi za Facebook zinazokwenda vizuri hadi sehemu ya 10, mume yuko mlangoni na hawara yuko uvunguni, ndipo inapotokea namba ya simu: tuma buku mbili upate mwendelezo wote WhatsApp. Ukishatuma, unaweza kupewa sehemu ya 11 mpaka ya 16, kisha ya 18. Ya 17 haijulikani ilipo, na mtunzi hapokei simu.

Basi nieleze kwa kirefu. AO3 ni kifupi cha Archive of Our Own, ghala la mtandaoni la hadithi zinazoandikwa na mashabiki. Mtu kapenda riwaya, tamthilia ya Kikorea, katuni ya Kijapani au bendi fulani. Anawachukua wahusika wale wale na kuwatungia hadithi yake. Yule aliyekufa angepona ingekuwaje? Wale mahasimu wangekwama pamoja usiku kucha kwenye kituo cha basi? Hadithi hizo huitwa fanfiksheni, na mashabiki wa kazi moja kwa ujumla wao ni fandomu.

Ghala lilifunguliwa kwa umma Novemba 2009, na liko chini ya Organization for Transformative Works, shirika la Marekani lisilotafuta faida lililoanzishwa 2007. Mwaka huo una kisa chake. Kampuni iitwayo FanLib ilikuwa imekuja na pesa za wawekezaji, ikitaka kufanya biashara kwa hadithi ambazo mashabiki waliziandika bure. Mwezi Mei mwaka huo huo, LiveJournal, tovuti ya blogu ambako fandomu nyingi zilikuwa zimejenga makazi, ilifunga kurasa kwa mamia kwa mkupuo. Mashabiki, wengi wao wanawake, wakaamua wawe na seva zao wenyewe. Ndiyo sababu mpaka leo pale hakuna matangazo, gharama zinalipwa kwa michango ya hiari, na mwandishi haruhusiwi kuweka namba ya malipo wala kuuza chochote. Kwa sisi wa "tuma buku mbili", kipengele hicho cha mwisho kinashtua kidogo.

Ila vitu vya bure mtandaoni ni vingi, na vingi nimeviacha. Kilichonibakisha AO3 ni namna walivyopanga mambo.

Kila hadithi inakuja na maelezo yake kabla hujaifungua: ni ya fandomu ipi, inafaa watu wa umri gani, ina maonyo gani, nani anapendana na nani, wahusika ni akina nani, lugha, idadi ya maneno, tarehe ya mwisho kuongezwa sura. Hata hesabu ya sura inasema kitu. Ukiona 30/30, imekwisha. Ukiona 12/30, mwandishi anajua anakoelekea. Ukiona 12/?, hajui, na wewe ujue hujui. Ningefurahi watunzi wetu wangekuwa wakweli kiasi hicho badala ya "itaendelea" isiyoendelea.

Kwenye wahusika, alama ndogo ndizo za kuziangalia. Majina mawili yakitenganishwa na mkwaju (/), hao ni wapenzi. Yakiunganishwa na alama ya "&", ni urafiki, udugu au uhasama, mapenzi hamna. Mkwaju huo ni wa zamani kuliko intaneti: mashabiki wa Star Trek waliutumia tangu miaka ya 1970, kwenye majarida waliyochapisha wenyewe na kutumiana kwa posta. Ukishazielewa alama hizi mbili, unaokoa muda mwingi sana, hasa kama wewe, sawa na mimi, unataka upelelezi na hutaki mabusu.

Maonyo rasmi ni manne: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayohusisha walio chini ya umri. Mwandishi anaweka linalohusika, au anasema hakuna hata moja, au anachagua njia ya tatu: kwamba ameamua kutotumia maonyo. Hiyo ya tatu isikupite. Maana yake ndani kunaweza kuwa na lolote, na ukiingia umeingia kwa hiari yako. Kuna waandishi wanaitumia ili wasifichue mwisho wa hadithi. Naona ni haki yao, na mimi nikiwa nimechoka nazipita tu.

Tofauti kubwa na sehemu nyingine niliiona kwenye lebo za ziada, yaani maneno mafupi ya kuielezea hadithi. Mwandishi yuko huru kuandika lebo yoyote anayotaka. Fikiria fujo inayoweza kutokea hapo! Chukua Sherlock Holmes na Daktari Watson wakiandikwa kama wapenzi: mmoja ataandika "Johnlock", mwingine ataweka majina kamili, mwingine atayageuza, mwingine atakosea herufi. Kwingine hayo yangekuwa makabati manne yasiyojuana. AO3 wana mamia ya watu wa kujitolea wanaopitia lebo hizo na kuziunganisha chini ya lebo rasmi moja, Sherlock Holmes/John Watson. Ukibofya yoyote, unaletewa zote. Mwandishi naye hanyang'anywi maneno yake, lebo inabaki kama alivyoiandika. Juu ya hapo kuna lebo mama: vitabu vya Arthur Conan Doyle, tamthilia za televisheni na filamu, kila kimoja kina chumba chake, lakini vyote viko chini ya paa moja la Sherlock Holmes, na ni wewe unayeamua kusoma chumba kimoja au nyumba nzima.

Kazi hii haina malipo, na sifa zake ni kidogo. Mwaka 2019 AO3 ilipewa tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na njozi, kule Dublin, na mwandishi Naomi Novik, mmoja wa waanzilishi, alipokwenda kuipokea aliwaomba wote ukumbini waliowahi kuchangia kwa namna yoyote wasimame. Nikisoma habari hiyo nawafikiria hao wapanga lebo kwanza.

Kuna lebo zisizopangika, na nazipenda. Waandishi huzitumia kupiga soga: nimeandika saa nane usiku, sijahariri, msinihukumu, mama asione. Zinabaki zilivyo. Tangu 2021 hadithi mpya zimewekewa kikomo cha lebo 75, ukijumlisha fandomu, mahusiano, wahusika na za ziada, kwa sababu wengine walikuwa wanaweka lebo mpaka kidole kinachoka kushusha ukurasa.

Kwa kulinganisha, FanFiction.net, iliyoanza 1998 na iliyolea kizazi kizima cha wasomaji, inampa mwandishi nafasi ya aina mbili tu za hadithi na wahusika wanne. Kwa zama zake ilitosha. Leo nikitaka "Watson amestaafu, anafuga nyuki, hakuna mtu anayekufa", aina mbili hazinifikishi popote.

Nikiwa AO3 nafanya hivi. Naingia kwenye fandomu, nafungua vichujio, nachagua zilizokamilika tu, kuanzia maneno elfu ishirini, naondoa zinazochanganya fandomu mbili, kisha naingia sehemu ya kuondoa lebo na kuweka nisivyovitaka. Sehemu hiyo ya kuondoa ndiyo utajiri wenyewe, kwa sababu kujua unachokikimbia ni rahisi kuliko kujua unachokitaka. Mwisho napanga matokeo kwa idadi ya alamisho. Kudos, yaani ule moyo mdogo wa kusema asante, kila msomaji hutoa mara moja tu kwa hadithi, na hadithi fupi ya kuchekesha inazikusanya kirahisi. Alamisho mtu huweka kwenye kitu anachokusudia kukirudia. Ukimpata msomaji ambaye ladha yake inafanana na yako, fungua orodha ya alamisho zake; wengine huandika na maoni mafupi pembeni. Ni muhimu ujue hilo, kwa kuwa AO3 haikupendekezei chochote. Hakuna mashine inayosema "kwa kuwa ulisoma hii, soma na hii". Wapo wanaoiona hiyo kasoro. Mimi napumua.

Upande wa bando, hapa wenzangu wa mikoani mtanishukuru. Kurasa ni maandishi matupu, nyepesi. Kuna kitufe cha kufungua sura zote kwa ukurasa mmoja, na kingine cha kupakua hadithi nzima kama EPUB, PDF au aina nyingine, bila kulipa, bila hata akaunti. Napakua pale penye Wi-Fi, nasoma kwenye basi la Morogoro mtandao ukiwa haupo. Kupakua kuna faida nyingine pia. Julai 2023 tovuti ilishambuliwa kwa makusudi ikazimika kwa zaidi ya siku moja; waliokuwa na mafaili yao waliendelea kusoma. Na mwandishi anaweza kufuta kazi yake muda wowote. Akiwa anataka tu kujitenga nayo, kuna njia ya kiungwana: anaiacha yatima, jina lake linaondolewa, hadithi inabaki chini ya akaunti ya pamoja ya mayatima. Shirika lina pia mradi uitwao Open Doors unaohamishia AO3 maghala madogo ya zamani ambayo wenyewe hawawezi tena kuyatunza. Kila nikikumbuka sehemu ya 17, natamani tungekuwa na kitu kama hicho.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa mambo haya.

Ukurasa wote ni wa Kiingereza: vitufe, vichujio, kila kitu. Maswali na majibu ya msaada yametafsiriwa kwa lugha kadhaa na watu wa kujitolea, lakini vitufe vyenyewe bado. Fomu ya vichujio kwenye simu ni ndefu, na anayeanza anaweza kudhani anajaza maombi ya viza. Apu rasmi hakuna. Zinazojiita apu za AO3 kwenye maduka ya simu si zao, kwa hiyo kaa kwenye kivinjari.

Wazazi nao wasikie hili: hadithi za ngono ya wazi zipo nyingi mno, na mlango wake ni kitufe kimoja tu cha kukubali kuendelea. Hilo si bahati mbaya. Ghala lilizaliwa kwa sababu ya kufutiwa, kwa hiyo wameamua kutofuta kwa sababu ya maudhui tu; wanachokutaka ni useme ukweli kwenye lebo. Naelewa msimamo huo na nausifu, lakini simu yenye AO3 wazi sitampa mtoto wa dada yangu wa darasa la sita.

Ubora nao ni bahati nasibu. Hakuna mhariri wa ghala. Mwandishi makini humpa rafiki rasimu aisahihishe, ambaye wao humwita beta, na mara nyingi humshukuru mwanzoni mwa sura. Ukiona shukrani hiyo, uwezekano wa kufurahia unapanda. Pasipokuwa na beta, soma aya mbili uamue.

Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za kuchujia, ila ukikichagua unakutana na rafu karibu tupu. Hili silitii kwenye hesabu ya nyota, kwani rafu hujazwa na wanaoandika, na waandishi tunao. Mtu angeamua kuwatungia kisa kipya Bwana Msa na Najum, wale wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni na maiti sebuleni, asingehitaji ruhusa ya meneja yeyote kufungua fandomu hiyo. Anaandika jina, anaweka hadithi, wapanga lebo wanaishughulikia. Wala asingelazimika kukitafsiri kitabu kwanza: kazi za Kichina pale zimeorodheshwa kwa herufi za Kichina mwanzo, mengine yanafuata. Ningeisoma usiku huo huo, na kudos ningeacha.

Kuhusu kujiunga: kusoma, kupakua na kuacha kudos hakuhitaji akaunti. Unaihitaji ukitaka kuchapisha, kuweka alamisho, kupata barua pepe sura mpya ikitoka, au kusoma hadithi zilizofungiwa wenye akaunti. Hizo za kufungiwa zimeongezeka tangu waandishi walipojua kwamba kazi zao zinakusanywa kulishia akili mnemba. Akaunti hazifunguliwi papo hapo. Unaacha barua pepe, unaingia kwenye foleni, mwaliko unatumwa zamu yako ikifika, na angalia hata kwenye barua taka. Jiandikishe kwanza, kisha endelea kusoma kama mgeni wakati foleni inasogea.