Bure baruta: komedi iliyonikausha kicheko

Nianze na tahadhari: hii si filamu ya kutazama na watoto, wala na wakwe. Ukisikia komedi unaweza kuita familia nzima sebuleni, na hutachukua muda kutafuta rimoti.

Bure baruta, yaani pipa la baruti, ni ya mwaka 1998, mwongozaji Goran Paskaljević. Mambo yote yanatokea usiku mmoja jijini Belgrade, katikati ya miaka ya 1990, Slobodan Milošević, rais wa Serbia, bado yuko madarakani na vita vya Bosnia vinafikia ukingoni. Vita vyenyewe huvioni. Unawaona watu vilivyowaharibu: dereva wa teksi, polisi wa zamani aliyepigwa hadi akawa mlemavu, mwanamume aliyerudi kutoka nje akidhani mpenzi wake wa zamani bado anamngoja. Wanapishana tu, na kila mmoja anamwachia mwenzake balaa lake.

Kijana anaigonga Volkswagen Beetle ya mtu. Haya, ajali ndogo, mngelipana yakaisha. Mwenye gari anamfuata hadi kwa wazazi wake na kuanza kuvunja kila kitu ndani. Alipoanza nilicheka. Alipoendelea, na akaendelea tena, kicheko kikanikauka.

Kwenye basi ndipo filamu iliponinasa kabisa. Abiria wameketi usiku, dereva yuko mkahawani anakunywa kahawa zake bila haraka. Kijana mmoja anachoka kusubiri, anakamata usukani na kuondoa basi. Nikamshangilia! Nani hajawahi kutamani kufanya hivyo? Muda si muda kijana yuleyule anawatesa abiria wale wale, na mimi nimeshampigia makofi. Nadhani Paskaljević alikuwa ananisubiri hapo.

Kisha wapo mabondia wawili, wanaoigizwa na Lazar Ristovski na Dragan Nikolić, marafiki wa tangu zamani. Wanaanza kuungama usaliti waliofanyiana: ulinifanyia hivi, basi na mimi nilikufanyia vile. Kila siri inaizidi iliyotangulia. Inavyoishia sisemi, ila hao wawili peke yao wanatosha kukufanya uitafute filamu.

Lawama ninazo. Wanawake wengi humu wamewekwa wateswe tu, hatuambiwi wanawaza nini. Pia inatokana na tamthilia ya Dejan Dukovski, na mishono inaonekana: watu wanakutana mahali panapomfaa mwandishi. Na kila mtu anajitetea kwamba kosa si lake, mpaka unataka kumjibu.

Ilipata tuzo ya wahakiki ya FIPRESCI kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka huohuo, na kwa waigizaji hawa sishangai. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Ukiitafuta, jaribu pia jina la Cabaret Balkan, ndilo ililotumia Marekani, na hakikisha nakala yako ina tafsiri chini ya skrini, maana watu hawa wanagombana kwa kasi.