Saa chache Mji Mkongwe: usafiri upi ulipie ukishuka melini Malindi

Meli ya watalii inapofika Unguja, iwe imefunga gatini Malindi, bandari ya Mji Mkongwe, au imetia nanga nje na kuwateremsha abiria kwa mashua zake ndogo, wageni hupewa muda wa mchana mmoja tu wa kukaa nchi kavu, na sehemu kubwa ya muda huo hupotea langoni mwa bandari, watu wakiulizana wapande nini na walipe kiasi gani. Hali ni hiyo hiyo kwa familia inayotoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, safari ya takriban saa mbili, ikiwa na tiketi ya kurudi jioni. Mwongozo huu unawahusu wote hao, na unapanga aina za usafiri kwa kigezo ninachokitanguliza mbele ya bei, nacho ni uhakika wa kurudi bandarini kabla chombo hakijaondoka. Usafiri wa bei rahisi unaokuchelewesha boti ya jioni utakulipisha tiketi nyingine na chumba cha kulala, na kwa abiria wa meli kubwa hasara yake ni kubwa zaidi, kwa sababu bandari inayofuata huenda ikawa nchi nyingine.

Kabla ya kulipia chochote, ni vyema kulijua umbo la mji. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni rasi ndogo ya hekta 96 tu. Zamani nyuma yake palikuwa na mkono wa bahari uliokuwa ukijaa na kupwa na kuutenga mji na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Mkono huo ulifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, na leo pembezoni mwake inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Creek Road. Jambo hili lina faida kwa mnunuzi: anayepotea vichochoroni akishika njia moja bila kukata tamaa, atatokea ama baharini ama kwenye barabara hiyo, na pote pawili atapata njia ya kurudi Malindi. Faida ya pili ni kujua kwamba sehemu kubwa ya mitaa ya ndani ni vichochoro visivyopitika kwa gari, kwa hiyo teksi unayoilipia "ikuzungushe Mji Mkongwe" itakuzungusha pembezoni tu na kukuacha utembee mwenyewe sehemu iliyobaki.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa miguu, pamoja na mtembezaji mwenye kibali. Ukitoka bandarini ukaifuata njia ya Mizingani, bahari ikiwa kuliani kwako, utapita Dispensari ya Zamani yenye roshani zake za mbao zilizonakshiwa, Mti Mkubwa, Kasri ya masultani, Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, na yote hayo yamo katika mwendo wa chini ya nusu saa hata ukisimama kupiga picha. Kutoka Forodhani unaweza kuingia Gizenga, ukapita Hurumzi na Kiponda, ukashuka Mkunazini lilipo Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kisha ukatokea Soko la Darajani na kurudi Malindi kwa barabara kuu. Mzunguko huu haupiti asubuhi moja, na hakuna sehemu yake inayokuweka mbali na bandari kiasi cha kukutia hofu.

Swali linaloulizwa sana na wageni wanaosema Kiswahili ni kama wanahitaji kumlipa mtembezaji, ilhali wanaweza kumuuliza njia mzee yeyote aliyekaa barazani. Jibu langu ni kwamba kwa kutafuta njia hawamhitaji, lakini kwa kuuelewa mji wanamhitaji sana. Mtembezaji mzuri atakuonyesha tofauti ya mlango wa Kihindi wenye tao juu na mlango wa Kiarabu wenye kizingiti kilichonyooka. Atakuambia kwa nini nyumba moja ina baraza ndefu na jirani yake haina. Na atakupitisha Jaws Corner, kijiwe cha kahawa na mazungumzo, wakati wa kahawa, wazee wakicheza dhumna. Zaidi ya hayo, ukiwa naye papasi, yaani vijana wanaowaandama wageni wakitaka kuwauzia ziara, watakuacha. Hakikisha ana kitambulisho kilichotolewa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kiangalie kwa macho yako, usitosheke na kuambiwa kwamba kipo. Mpatane saa, bei ya kundi zima na sarafu mtakayolipia, na muulize waziwazi kama viingilio vimo ndani ya bei hiyo, kwani kiingilio cha Kanisa Kuu la Mkunazini hulipwa peke yake. Kuhusu Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hivyo usikubali kulipia ziara ya ndani kabla hujahakikisha kwamba milango iko wazi. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu kwa vizazi vingi jumba lile ndilo lililokuwa alama ya kwanza ya Unguja kuonekana na msafiri wa baharini.

Nafasi ya pili ni boti ya kwenda Changuu, kwa sharti kwamba unaondoka asubuhi. Kisiwa hicho kiko takriban kilomita 5 na nusu kutoka mjini, na kwa boti ya mashine safari huchukua kiasi cha nusu saa. Kina gereza lililojengwa miaka ya 1890 lakini likatumika kama karantini badala ya kufungia wahalifu, na kina kobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watoto hawawasahau kobe hao, na kwa familia yenye watoto ningeifikiria boti kuwa sawa na nafasi ya kwanza. Hata hivyo, hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa makini kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu.

Bei ya boti hupangwa kwa chombo kizima mara nyingi zaidi kuliko kwa kichwa, kwa hiyo watu wawili wanaokodi peke yao hulipa karibu sawa na watu wanane. Simameni pamoja na abiria wenzenu kwenye ufukwe wa karibu na Mti Mkubwa au Forodhani, mkamilishe kundi, ndipo mmoja wenu azungumze na nahodha. Muulize mambo manne kabla ya bei: bahari ikoje leo, maji yanajaa au yanapwa, jaketi za kujiokolea zipo za watu wote pamoja na watoto, na mtaondoka kisiwani saa ngapi. Nahodha mwaminifu hujibu yote bila kukasirika. Jaketi zishuke kutoka zilikofungwa na kila mtu avae yake, kwani jaketi lililofungwa chini ya paa halimfai mtu chombo kinapopata msukosuko. Kiingilio cha kisiwa hulipwa mbali na nauli, nalo ni jambo ambalo baadhi ya wapiga debe hawalitaji mpaka mmeshafika.

Suala la maji si dogo. Katika siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwa bahari ya Unguja hufika karibu mita nne, na boti iliyokuchukua ukiwa umelowa vifundo inaweza kukurudisha mahali ambapo itabidi ushuke ndani ya maji ya magoti au utembee mbali juu ya mchanga na mawe. Mwenye buibui au kanzu, mzee mwenye fimbo, na mama aliyebeba mtoto wapange safari yao kwa kuzingatia hilo, na waombe kushukia mahali penye ngazi kama papo. Wanaouza safari ya Nakupenda, fungu la mchanga katikati ya bahari, pamoja na Changuu nao waulizwe swali hilo hilo la maji, kwa kuwa fungu hilo huzama maji yanapojaa, na si haki mtu alipie mchanga asiouona. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi upepo huweza kuchafuka mchana, na ukiona nahodha mwenyewe anasitasita, rudi kwenye nafasi ya kwanza bila majuto.

Nafasi ya tatu ni teksi ya kukodi kwa nusu siku, ambayo ni chaguo bora kwa wazee, kwa wenye maradhi ya miguu na kwa wanaotaka kuona shamba. Teksi zetu hazina mita, na bei ya kwanza utakayotajiwa langoni mwa bandari siku ambayo meli kubwa imefika ndiyo bei ya juu kuliko zote. Ukitoka nje ya lango ukatembea dakika chache kuelekea Darajani utapata madereva wasiokuwa na haraka na wewe. Patana bei ya gari zima, si ya mtu, na iwe imejumuisha mafuta na muda wa kusubiri. Lipa baada ya kurudishwa. Dereva akihitaji mafuta njiani na kukuomba sehemu ya fedha mbele, mpe kiasi cha mafuta hayo na kikatwe kwenye bei mliyopatana.

Safari ninayoipendekeza kwa gari ni ya kaskazini ya karibu: magofu ya Maruhubi, yaliyokuwa kasri ya Sultan Barghash hadi lilipoungua mwaka 1899, kisha Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultan Said, mwaka 1844, kisha hamamu (nyumba ya kuogea) ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850, na mashamba ya viungo ya Kizimbani yaliyo jirani. Zote hizo ziko upande mmoja wa mji, na ukiwa popote kati yake huwi mbali sana na bandari. Nungwi, iliyo karibu kilomita 60, siipendekezi kabisa kwa mwenye saa chache, hata dereva akikuapia kwamba atakufikisha na kukurudisha. Utafika, utaiona bahari ile ile uliyokuja nayo, na utarudi roho ikikudunda kwenye foleni ya kuingia mjini. Anayetaka sana kwenda mbali, kama vile msitu wa Jozani kuwaona kima punju au msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107, na amekuja kwa meli ya watalii, ni heri anunue ziara inayouzwa na meli yenyewe. Bei yake ni kubwa, lakini kwa desturi meli huwasubiri watu wa ziara zake, ilhali aliyekodi gari kwa hiari yake hasubiriwi.

Daladala naiweka nafasi ya nne, ingawa moyo wangu ungeipandisha juu. Nauli yake ya mjini ni shilingi mia chache, na mgeni mwenye Kiswahili atapata ndani yake mazungumzo ambayo hayauzwi katika ziara yoyote. Namba 502 inakwenda Bububu kwa njia ya Maruhubi na Mtoni, namba 505 inakwenda uwanja wa ndege, na 116 inakwenda Nungwi. Tatizo lake ni kwamba gari hungoja lijae, husimama kila penye abiria, na haliangalii saa ya meli yako. Itumie kwenda, na kama muda umekubana rudi kwa teksi.

Vespa za kukodi, bodaboda na baiskeli nazifunga mkiani. Mwenye leseni ya nje ya Tanzania anahitaji kibali cha kuendesha cha Zanzibar, na muda wa kukitafuta unakula muda wa kutembea. Bodaboda isiyokupa kofia ngumu usiipande. Na baiskeli ndani ya vichochoro vyenye watoto na wazee ni bughudha kwa wenyeji.

Siku nazo zina uzito wake katika uchaguzi. Ijumaa karibu na adhuhuri maduka mengi hufungwa na mitaa yenye misikiti hujaa, kwa hiyo boti ya asubuhi na mitaa ya alaasiri huwa mpango mzuri zaidi. Katika Ramadhani usitegemee kula hadharani mchana, na mwenye watoto au mgonjwa abebe chakula chake na kukila faraghani. Wakati wa masika mvua inaweza kukatiza safari ya bahari moja kwa moja, na teksi hupanda nafasi ya pili. Mavazi ya kusitiri mabega na magoti yanatakiwa kwa kila mgeni aingiapo mitaani, hata kama muda mfupi kabla yake alikuwa akiogelea Changuu.

Kuhusu kurudi, abiria wa meli iliyotia nanga nje asichanganye saa ya meli kung'oa nanga na saa ya mashua ya mwisho kutoka gatini, kwani mashua hiyo huondoka mapema zaidi. Aulize saa hiyo wakati anashuka, na ajue kama saa za melini zinalingana na za Afrika Mashariki. Abiria wa boti ya Dar es Salaam naye awe langoni mapema, akiwa na tiketi na kitambulisho au pasi yake mkononi, kwa sababu kuna ukaguzi wa kupitia na foleni ya mizigo. Saa ya kurudi iandikwe kwenye karatasi, apewe dereva au nahodha kabla ya safari kuanza, na iwe ni nusu saa kabla ya ile unayoihitaji kweli.