Wadi ya vichanga huku Kisasa Dodoma, manesi nawapa nyota 5, duka la getini nyota 1

Jina la kituo siweki maana kuna lalamiko huko chini, ila wa Dodoma mtakijua. Mtoto wetu alilazwa pale kwa dripu ya antibiotiki kwa hiyo manesi nimewaona wakifanya kazi usiku na mchana.

Kilichonikosha ni plasta jamani. Kwingine kanula (kale kampira ka dripu kanakoingia kwenye mshipa) ikitolewa plasta inavutwa chwaa, mtoto analia mpaka sauti inakata na ngozi inabaki imechubuka. Hapa nesi analowanisha kwanza kwa pamba na maji ya uvuguvugu, anasubiri, alafu anaikunja kwa nyuma anaitoa pole pole huku kidole kingine kimeshikilia ngozi. Anasema ngozi ya kichanga ya juu haijashikana vizuri na ya chini, hasa njiti, ukivuta kwa pupa inaondoka na plasta.

Kwenye kutoboa kisigino kuchukua damu ya kupima napo, "mama mnyonyeshe kwanza", mtoto akishashika ziwa akaanza kumeza ndo anatoboa, kalia kidogo tu karudi kunyonya. Kumbe WHO tangu 2015 wanashauri hivyo hivyo hata kwenye chanjo, kwa hiyo mkienda kliniki wiki ya 6 ombeni chanjo za matone zitangulie sindano zije mwisho na mtoto awe mikononi mwako sio kitandani. Wasioweza kunyonya niliona wanawekewa matone machache ya maji ya sukari ulimini kama dakika 2 kabla, ila ni kipimo cha hospitali hicho, bibi asije akakoroga kikombe nyumbani!

Sasa duka la getini. Wanakufungashia beseni zima, poda, sabuni ya kunukia, mafuta ya kunukia, vitu vile vile nesi ndani anakwambia weka pembeni, poda mtoto anaivuta mapafuni na manukato yanamwasha, na kuogesha subiri masaa 24 yapite tangu azaliwe. Na upepo wa huku mwezi wa 6 ulivyo mkavu, ngozi inabanduka yenyewe hata bila sabuni kali. Pesa yangu hawakurudisha, wamenibadilishia na pampasi tena kwa kununa.

Usiku maji ya bomba yanakata, nendeni na dumu.